Birika la Mama na Mchanga wa Ziwa

Niliporudi Ujiji na stashahada yangu ya umeme, niliyoisomea kwa jasho langu mwenyewe, niliapa kwamba mama hatapuliza mkaa tena. Nikamnunulia birika la umeme. Majirani walikuja kunywa chai, na mimi niliwaeleza wote linavyofanya kazi.

Lakini maji yetu ya bomba ni magumu. Haukupita muda koili, ule waya wa ndani unaochemsha maji, ikavaa ukoko mweupe kama chokaa, na birika likawa linanguruma tu bila kuchemka upesi. Dawa yake naijua: unachemsha maji ya ndimu ndani yake, ukoko unalegea. Nilipanga kufanya hivyo nikitoka Mwandiga, nilikokwenda kufunga nyaya kwenye duka.

Niliporudi nililikuta birika limeanikwa juani pamoja na masufuria, linang'aa. Mama alikuwa amelipeleka ziwani, akalizamisha lote na kulisugua kwa mchanga, kama wanawake wa huku wanavyosugua vyombo vyao.

"Mama! Hiki ni chombo cha umeme!"

"Na uchafu wake nao ni wa umeme?"

Nilifungua kitako. Maji na mchanga vilikuwa vimejaa hadi kwenye swichi. Halikufaa tena. Nilililaani bomba, nikalaani na ziwa.

Mama alivuta jiko lake, akainama, akaanza kupuliza.

"Kaa, mwanangu. Fundi naye anywe chai."

Niliinywa huku moshi ukiniwasha macho.