Sufuria ya Mama na Maji ya Betri

Maji ya betri, yale yasiyo na chumvi tunayochanganyia dawa za maabara, yaliisha zikiwa zimebaki siku tatu tu kidato cha nne wafanye praktiko ya kemia. Mkuu wa shule akaagiza Mpanda, yakakosekana. Fundi wa maabara hapa Litapunga ni mimi peke yangu, na nyumba yangu ndiyo ya mwisho, haipigwi hodi hata kwa bahati mbaya. Huwa nasema nimezoea. Uongo mtupu.

Kisima chetu kina chumvi. Maji yake ukiyadondoshea silva naitreti, dawa ya kupimia chumvi, yanageuka meupe kama tui, na mtoto anaandika jibu ambalo silo. Niwaache wafeli kwa sababu ya maji? Thubutu!

Nikainjika sufuria kubwa, nikafunika, nikaziba ukingo kwa unga uliokandwa, nikachomeka mfunikoni mrija wa shaba wa friji bovu, nikaupitisha kwenye beseni la maji baridi ili mvuke urudi kuwa maji. Mikono ilikwenda yenyewe. Kule Inyonga mama alipika gongo, pombe haramu, hivyo hivyo, na gongo hiyo ndiyo iliyonisomesha. Siku moja alikuja shuleni kuniletea asali, kanga inanuka moshi na pombe. Wenzangu wakauliza, huyu nani? Nikasema, jirani yetu. Alisikia. Akaweka chupa ya asali chini, akaenda zake.

Maji ya kwanza niliyajaribu: meupe! Nikatukana sufuria, nikatukana na kuni. Ndipo nikamkumbuka mama alivyokuwa akinifokea, "Punguza moto, we mtoto! Ikifoka, uchafu wote unapanda mrijani." Nikatoa kuni mbili, nikamwaga yote, nikaanza upya. Jioni nikadondosha tena dawa. Maji hayakubadilika hata kidogo. Nikapiga kigelegele, halafu nikaona aibu, maana hapakuwa na wa kuitikia.

Praktiko ilipoisha, watoto wakatoka wanacheka. Mwalimu wa kemia akainua chupa, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Dada, haya kama ya kiwandani! Nani kakufundisha?"

Mama yuko kaburini. Polisi hawawezi tena kumfuata, na wale wenzangu wa shule sijui hata walipo. Nilikuwa na neno moja tu la kusema: mama.

"Nilisoma kwenye kitabu," nikamjibu.

Akanipongeza, akaondoka. Nikakaa chini kando ya sufuria, nikalia. Safari hii hakuwepo hata wa kunisikia.