Ubao Mmoja wa Mwerezi

Haruyo Tsukuda aliishika brashi, akaona ncha yake inatetemeka. Akaishusha mapajani upesi, watu wasione.

Mbele yake ulilazwa ubao wa mwerezi. Kimbunga kiliangusha mti mkongwe wa hekalu, na ni ubao huu tu uliotoka mzima. Wino ukishazama kwenye mbao haufutiki. Alitakiwa kuandika herufi tatu za jina la hekalu, na waumini walijaa ukumbini wakimtazama yeye, aliyewafundisha mwandiko nusu ya watu wa mji wa Gojo.

Mkono ulianza kumsaliti tangu majira ya mvua. Hakumwambia mtu. Darasani aliacha kushika brashi, akawa anasahihisha kwa mdomo, akisingizia baridi yabisi.

"Mwalimu, wino utakauka," alinong'ona Onodera, mtawa mkuu. "Kuna tatizo?"

"Hakuna."

Akainyanyua tena. Tone likavimba nchani, juu kabisa ya ubao. Akairudisha brashi kwenye jiwe la wino, akageuka. Karibu na mlango alikaa Kiriko Murase, mwanafunzi wake bora kupita wote, ambaye Haruyo alimfukuza kwa sababu aliandika kwa brashi kubwa kama ufagio, muziki ukipigwa, katika ukumbi wa michezo wa shule. "Hiyo ni sarakasi," alimwambia siku ile. Tangu hapo hawakusemezana.

"Kiriko. Njoo hapa."

Kiriko akaja, macho chini.

"Mkono wangu umekwisha," Haruyo alisema, na wote wakasikia. "Andika wewe."

"Mwalimu, mimi si mtu wa sarakasi?"

"Najua. Kaa."

Kiriko akavuta pumzi. Herufi ya kwanza ikatoka, na ya pili. Kwenye ya tatu brashi ilikwama katikati ya mstari. Ndipo Kiriko akaisukuma kwa bega zima, mstari ukafika mwisho, mnene, mweusi tii.

"Huo wa mwisho umeunenepesha," Haruyo alisema.

"Ndivyo ninavyoandika."

"Nimeona." Kisha akamwinamia, paji likigusa mkeka, kama mwanafunzi amwinamiavyo mwalimu.

Ubao ukatundikwa. Haruyo bado anafundisha, na mkono haufichi tena. Kiriko akija kumsalimia, hubishana juu ya mstari ule mpaka chai inapoa.