Koti la Mtani

Kwetu kusini mtu akifa, wapo wanaolia na wapo wanaokuja kuwasumbua wanaolia. Hao wa pili ndio watani. Mimi ni Mmwera wa Mbekenyera, wilaya ya Ruangwa, na rafiki yangu alikuwa Myao wa Nachingwea. Kwa hiyo tangu tulipokutana sekondari tulikuwa na ruhusa ya kutukanana. Aliniita mla panya mbele ya walimu. Nilimwambia Myao akioneshwa jembe anakumbuka ana safari. Hakuna aliyenuna, maana utani wa makabila yetu haununiwi.

Sisi wawili ndio tuliopata nafasi ya kwenda kusoma Uturuki, katika mji wa bara wenye milima na baridi kali. Nimerudi peke yangu. Homa ya mapafu ilimkamata rafiki yangu katikati ya majira ya baridi ya mwaka wetu wa pili. Hospitali walihangaika naye usiku na mchana, lakini kifua kilikataa. Nilipompigia simu mjomba wake, ambaye kwa Wayao ndiye msemaji wa ukoo, alisema, "Mwislamu anazikwa alipofia. Msimamie, mtani."

Nikamsimamia. Mazishi ya kule ni ya kimya. Tulisali uani msikitini, tukaenda makaburini, udongo ukiwa mgumu na theluji imepangwa pembeni kwa koleo. Watu walikuwa wema sana. Kila mmoja alinishika mkono, akaniombea subira, akaondoka zake. Wema ule uliniudhi. Kwetu mtani angeruka ndani ya kaburi, akalala humo, akagoma kutoka mpaka aahidiwe kuku. Angewaambia wafiwa kwamba wanalia kwa njaa, si kwa uchungu. Mimi nilikuwa na maneno yangu tayari: "Wayao kwa uvivu! Mtu kakimbilia kufia Uturuki ili ndugu zake wasichimbe kaburi." Ningemwambia nani? Niliyameza, nikarudi bwenini.

Mjomba alipiga simu tena zilipokaribia siku za hitima ya arobaini. Alitaka nije. Sikuelewa haraka yake, nikamwambia nina mitihani. Ndipo akaniambia habari za dada yake, mama wa marehemu. Mama alikuwa hajalia. Hajatoa chozi tangu siku ya taarifa. Alikuwa anakaa mkekani ameelekea ukutani, akiletewa chakula anamega tonge moja, na akiulizwa habari za mwanawe anajibu kwamba yuko masomoni. Watani wa pale Nachingwea walishafika, tena mafundi haswa. Walivaa mashati ya zamani ya marehemu kama desturi inavyotaka, wakaigiza alivyokuwa akitembea na kuongea. Mama aliwaangalia tu.

"Wanamwigiza mtoto aliyetoka hapa," mjomba alisema. "Huyo, dada yangu alishamuaga. Aliyefia huko ndiye asiyemjua, na wewe ndiye uliyeishi naye. Asipolia atatufia na yeye."

Basi nikafunga begi la marehemu na langu, nikapanda ndege. Niseme ukweli, niliogopa. Nimefanya utani kwenye misiba mingi, ya wazee na ya watoto, Ruangwa na Nachingwea, na sikuwahi kukosa neno. Safari hii nilikaa dirishani juu ya mawingu nikitafuta kichekesho kimoja cha kumfaa mama yule, na kila nilichokishika kilinichoma.

Nilikumbuka rafiki yangu alivyokataa kuacha shikamoo. Alimwamkia kila mzee wa mji ule kwa Kiswahili kabisa, huku ameinama. Nikimwambia hawakuelewi, ananijibu, "Kwani wewe mla panya nani kakuuliza?" Kulikuwa na mzee muuza mkate jirani na bweni letu ambaye mwishowe alizoea. Akimwona anatokea, anaacha kazi, anaweka mkono kifuani, anainama na yeye. Baada ya mazishi nilikwenda kwa mzee yule peke yangu. Aliinama, akatazama nyuma yangu, akangoja. Nilichukua mkate wangu nikatoka.

Nikakumbuka ugali. Mahindi kule ni ya kulishia kuku, kwa hiyo Myao wangu alinunua unga wa ngano wa punjepunje, akausonga kwa kijiko cha mbao hadi kikavunjika. Kilitoka kitu kati ya uji na gundi. Alikila chote kwa ukaidi, jasho linamtoka, akasema mama yake angeona fahari. Mimi nilicheka hadi nikalala sakafuni. Hicho nacho nilikiacha; ningemwambiaje mama kwamba mwanawe alikuwa na njaa ya mkono wake?

Dar nilipanda basi la kusini. Mvua ilikuwa imenyesha, mashamba ya mahindi yamesimama, mikorosho imeoshwa vumbi. Mtu aliyekaa jirani yangu alitaka kujua natoka wapi, nikamwambia Uturuki, akafurahi, akauliza kama huko kuzuri. Nilimjibu kuzuri. Kumbe hata hilo ni kweli: tulikuwa na furaha sana kule, na ndiyo ilikuwa shida yangu yote.

Sikwenda kwanza kwetu Mbekenyera. Nilishuka stendi ya Nachingwea, nikapanda bodaboda moja kwa moja hadi msibani na mabegi yote mawili. Turubai lilikuwa limefungwa, wanaume wamekaa chini yake, na masufuria ya ubwabwa yanatokota nyuma ya nyumba. Mjomba aliinuka.

"Mtani, umefika?"

"Nimefuata ubwabwa," nikasema. "Wayao mnapika siku ya msiba tu, nitafanyaje?"

Wakacheka, wengine huku wanafuta macho. Neno moja lilikuwa limetoka. Nikaingia chumba cha nyuma, nikafungua begi la marehemu, nikatoa koti lake la baridi. Lilikuwa la kijani, la mtumba, lilishonewa jitu fulani. Yeye lilimfika magotini na mikono ilimeza vidole. Nililivaa juu ya shati langu, nikavuta zipu hadi puani, kama alivyopenda. Lilikuwa bado na harufu ya mafuta yake ya nywele. Nilisimama nyuma ya mlango kitambo nikiwa siwezi kutoka.

Kisha nikaenda kwa akina mama. Chumba kilikuwa kimejaa, mama yupo pembeni, ameelekea ukuta kama nilivyoambiwa.

"Hodi, watu wa uvivu!" nikapaza sauti ndani ya kola. "Mtu mzima mmemnyima kaburi, kaenda kuliazima kwa Waturuki!"

Bibi mmoja alipiga kigelegele cha utani. Nikaanza kutembea. Nilitembea jinsi yeye alivyotembea juu ya barafu: miguu imepanuka, mikono imetandazwa, hatua fupifupi, huku anaiambia barafu, "Samahani, mama, napita. Samahani tena." Aliiomba radhi barafu kila asubuhi. Nikafika katikati ya chumba, nikateleza, nikaanguka chali kwa kishindo, miguu juu. Wanawake wakaangua kicheko.

Mama aligeuka.

"Alianguka?"

"Kila siku, mama. Myao na barafu wapi na wapi."

"Aliumia?"

"Aliumia hasira. Alisema Wamwera ndio tumemwaga maji."

"Nani alimwinua?"

Swali hilo sikuliandalia kichekesho. "Mimi," nikasema. "Kwanza nilimcheka. Kisha nilimwinua."

Alinitazama kuanzia viatu hadi kola. "Haya, inuka," akasema. "Tembea tena."

Nikatembea tena. Aliniambia nifike dirishani nirudi. Nikafika, nikarudi. Akauliza kama mikono ilikuwa hivyohivyo, nikaipandisha kidogo, akaitikia kwa kichwa. Kwa joto lile la Nachingwea baada ya mvua, jasho lilikuwa linanichuruzika hadi kwenye macho, shati limeganda mgongoni, na kwenye lile koti sikuwa napumua vizuri. Nikaanguka mara nyingine, makusudi, vibaya zaidi. Mama akacheka. Aliziba mdomo kwa khanga, mabega yakamtikisika, akacheka kicheko kirefu ambacho watu wa nyumba ile walikuwa hawajakisikia siku nyingi.

Kisha akajiburuta mkekani hadi nilipoangukia, akanishika mkono wa koti, akawageukia wenzake.

"Mvueni koti mwanangu. Hamwoni ana joto?"

Hakuna aliyesogea. Akaivuta ile zipu mwenyewe, polepole, akanitoa mkono mmoja, akanitoa wa pili, akanipangusa uso kwa upindo wa khanga yake. Halafu alilikumbatia koti, akalia kwa sauti hadi wanaume walisimama kule nje. Mtani hatakiwi kutoa chozi msibani, najua. Niliketi palepale mkekani, nikalia naye.