Mama Shoka na Vidonge Vilivyotupwa Chooni

Pale buchani walimwita Mama Shoka. Mwili wake mdogo, lakini paja la ng'ombe lilipofika kwenye gogo lake, vipande vya mfupa viliruka hadi mlangoni. "Mumeo anathubutu kweli kukujibu?" wateja walimtania, naye akacheka nao. Kumbe nyumbani mpigwaji alikuwa yeye.

Alikuwa akiishi na virusi vya Ukimwi tangu kabla ya ndoa hiyo ya pili, na mume alilijua hilo. Siku aliyorudi kutoka kliniki na habari kwamba virusi havionekani tena kwenye kipimo, mume alirukia neno hilo.

"Si umepona? Sasa unameza nini, kama si kunitia aibu?"

Akatupa vidonge chooni. Mama Shoka alipojaribu kumzuia, mume alimshika kichwa akakibamiza kwenye fremu ya mlango. Jino likatoka, mdomo ukajaa damu. Toka hapo mume akawa anampekua mpaka kwenye sidiria, akitafuta vidonge.

Mwanzoni Mama Shoka hakuona tofauti bila dawa, hata akaanza kuamini kwamba labda kweli amepona. Kisha homa ikaja, mdomo ukaota utando mweupe, nguo zikampwaya. Mchana mmoja shoka lilimponyoka likapasua mguu wake, akaanguka kati ya nyama. Wifi yake, dada wa mume, aliyekuwa akiuza mboga jirani, alimbeba hadi kliniki.

Nesi alimsikiliza mpaka mwisho. "Mama, hukupona. Dawa ilivizuia virusi visizaliane. Vingine vimejificha ndani ya seli zako za kinga, vimelala tu. Kipimo hakivioni, dawa haivitoi. Seli mojawapo ikiamka kupambana na ugonjwa, navyo vinaamka na kuitumia kuzaliana. Dawa ikiwemo mwilini, vinakwama. Isipokuwemo, vinasambaa, vinaua kinga yako."

"Kwa hiyo nitameza maisha yangu yote?"

"Ndiyo, mama. Na uishi."

Jioni hiyo alimeza kidonge mbele ya mume, bila kujificha. Mume alimkaba koo kwa mikono miwili, akamsukuma chini, akamkalia kifuani. Macho yalianza kumtoka. Wifi, aliyekuwa ameleta uji, alichukua mchi wa kinu akaushusha kwenye mkono wa kaka yake. Mfupa ulilia.

"Unanivunja mimi? Damu yako?" mume alipiga kelele.

"Na huyu ni maji?" wifi alimjibu, akainua mchi tena. Mume akakimbia.

Alikamatwa, na mahakamani wifi alisimama akaeleza kila kitu. Mume akafungwa. Ukoo mzima ukamtenga wifi. Mama yake mzazi alimfungia mlango usoni. Mama Shoka ndiye aliyempa kitanda.

Afya ilirudi polepole. Kipimo hakioni kitu tena, lakini siku hizi akiulizwa kama amepona husema, "Vimelala. Na mimi ndiye ninayevilaza." Mguu bado unamuuma kukiwa na baridi, na wifi ndiye anayekaa kaunta pale buchani.