Kibano cha Chuma cha Bi Mirija

Saa moja na nusu asubuhi, Bi Mirija anakata kwa wembe mrija wa kunywea soda, anaupuliza, anauinua kwenye taa kuhakikisha hauna vumbi. Anatia ndani yake unga wa kijani, kiasi cha punje tatu za chumvi, kisha anauning'iniza ndani ya mashine ndefu ya kupimia sumaku.

Kipimo hiki kitaonyesha kama kazi ya miezi minane ya wenzake imeharibika, na kosa ni lake.

"Watu wanadhani hapa kila kitu ni cha mamilioni," anasema. "Kumbe tunatumia mirija, maana plastiki haina sumaku ya kutuvurugia. Binti yangu huniuliza, 'Mama, soda yenyewe iko wapi?'"

Mama huyu wa miaka arobaini na sita aliingia maabara hii akiwa mfagizi. Hakusomea kemia, aliuliza maswali mpaka watu wakamkimbia. Ni mwaka wa saba sasa anaandaa sampuli, kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu, kama mgeni anayeambiwa alale mpaka kesho.

Unga ule ni molekuli zenye chembe ya metali katikati, iliyozungukwa na kaboni. Watafiti wanataka kila molekuli ishike usumaku peke yake, ili siku moja itunze kumbukumbu za kompyuta. Taabu ni kwamba nyingi huushika kwenye baridi kali tu.

Mwezi uliopita, unga huo ulionekana kushika usumaku hata kwenye joto la chumbani. Vigelegele! Profesa anayeongoza maabara, aliyefurahi kupita kiasi, akaahidi kumwombea Bi Mirija ajira ya kudumu.

Siku nne baadaye, akipanga droo, alikiona kibano cha chuma. Ncha yake ilikuwa na unga wa kijani.

"Nilikitambua mara moja," anakumbuka. "Cha plastiki kilikuwa kimevunjika, nikashika hiki kwa haraka zangu. Chuma kikikwaruza kinaacha vumbi usiloliona, na hilo tu linatosha kuidanganya mashine."

Hakuna aliyekuwa amemwona. Alimweleza mumewe, fundi cherehani.

"Mke wangu," mume akamjibu, "kitambaa kikishakatwa vibaya, sindano haina la kufanya. Kawaambie."

Kesho yake alimfuata mwanafunzi wa shahada ya uzamivu aliyeitengeneza molekuli hiyo, ambaye alikuwa anamalizia makala ya kutangaza ugunduzi.

"Mwanangu, usitume. Nilitumia kibano cha chuma."

Mwanafunzi yule alilia. Profesa akaagiza unga utengenezwe upya. Habari ya ajira hakuigusa tena.

Ndio huo unga unaopimwa leo. Saa tano, mstari unajichora kwenye skrini: katika joto la chumbani, hakuna sumaku hata chembe. Bi Mirija anainamisha kichwa. Inamuuma, wala hafichi.

Profesa anaamuru baridi iongezwe. Saa nane kasoro, kwenye nyuzi 240 chini ya sifuri, mstari unafunguka kuwa kitanzi kinene. Molekuli zimeshika usumaku. Zote walizowahi kutengeneza hapa zilihitaji baridi kali kuliko hii, ya nyuzi 260 chini ya sifuri au zaidi.

"Hii ni yetu!" mwanafunzi anapiga kelele, akimkumbatia Bi Mirija mpaka miwani inaanguka. "Makala ile ningeituma, Mama, ningezomewa dunia nzima."

Ajira bado iko mikononi mwa utawala. Bi Mirija anasema lijalo na lije; mwezi ujao anaanza masomo ya cheti cha ufundi wa maabara, asubuhi za Jumamosi, darasani na watoto wa umri wa bintiye.

Anafuta meza ili aondoke. Profesa anamsukumia karatasi.

"Andika majina yako yote matatu."

"Ya fomu ya utawala?"

"Ya makala. Waandishi sasa ni wanne."

Bi Mirija anavaa miwani yake, anakaa, anaandika polepole kwa herufi kubwa.