Mama Munira na Chaja za Kobe

Mwanaidi, au Mama Munira kama Misima nzima ilivyomwita, hakuwa mtu wa kubembeleza. Ukimkosea alikwambia hapo hapo, mbele za watu, uende nalo. Mdomo huo ndio uliomvusha alipofiwa na mume akabaki na mtoto mmoja wa kike, akawa anauza vitumbua Segera kwa abiria wa mabasi, mvua yake, jua lake. Kisha simu zikaja. Minara iliposimamishwa na simu za tochi zikaanza kushikika hata na mtu wa jembe, Mwanaidi aliona kitu: watu simu wanazo, umeme hawana. Akaachana na vitumbua. Akaenda zake Manundu, pale Korogwe, akarudi na furushi la chaja za kobe, inveta ya kugeuzia umeme, na betri kuukuu ya lori ambayo kila ikiisha alikuwa akiipeleka Handeni mjini kujazwa.

Kama hukuzikuta chaja za kobe, pole. Unachomoa betri kwenye simu, unaibana tumboni mwa hiyo chaja tunayoiita kobe, kitaa kinawaka chekundu. Betri ikijaa, kinageuka kijani. Uzuri wake ni kwamba mwenye simu anabaki na simu yake. Kwa wafugaji hilo lilikuwa jambo kubwa. Siku ya mnada walishuka na ng'ombe wao, wakamwachia Mama Munira betri, simu zenyewe zikabaki zinaning'inia shingoni, zimezima kabisa lakini zipo. Nani amwachie mtu baki laini yake?

Shida ni kwamba simu zilikuwa za aina moja, na betri zote zilifanana.

"Yeyo, hii si yangu," alisema Sironka siku moja, kwa heshima ile ya kumwita mama kwa Kimaasai, ila uso umekunjamana. "Yangu ilikuwa inakaa wiki. Hii haifiki kesho. Umenibadilishia."

"Mimi nikubadilishie nipate nini? Nikaikaange?"

Watu wakacheka. Sironka hakucheka, na kumbe hata Mwanaidi moyoni hakuwa na hakika. Siku ile watu walikuwa wamejaa, huenda mkono uliteleza. Lakini kuiba? Yeye? Lilimkaa rohoni wiki nzima.

Mnada uliofuata Sironka alikuja anatabasamu. Ng'ombe wake wote wana mikato miwili kwenye sikio la kushoto. Ndivyo anavyowajua hata wakichanganyika na wa wengine. Basi bwana yule alikuwa amechukua kisu akaikata betri yake pembeni, juu upande wa kushoto, mikato miwili safi! Nyuma yake wenzake wamesimama, betri mkononi, visu viunoni, wanasubiri kuona kama alama itakubalika.

"Mungu wangu! Umeichinja!" Mwanaidi alishika kichwa. "Hii sichaji. Ikipata moto italipuka."

Sironka akawageukia wenzake. "Mmesikia? Nilipokuwa siijui betri yangu, alichaji. Leo ina alama, hataki."

Loo! Neno hilo lilimpiga Mwanaidi kifuani. Aliwaona wale wanaume wakitazamana, wengine wanaanza kurudisha betri kwenye mikunjo ya shuka. Wakiondoka hivi, habari itawafikia wafugaji wote kabla ya jua kuzama kwamba Mama Munira ni mwizi, na hakuna atakayerudi. Aliogopa, kweli aliogopa.

"Leteni," alisema. "Lakini msogee."

Akavuta waya mpaka kwenye udongo mtupu, mbali na kibanda, akaibana ile betri kwenye kobe, akarudi nyuma. Haikuchukua muda. Betri ilivimba, ikafuka moshi wenye harufu kali, kisha fyuu! moto ukaruka na kobe akaanza kuyeyuka. Mwanaidi akachomoa waya, akaumwagia moto mchanga kwa ndoo.

Jibu kali lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi wake, na mwenyewe alijua lingewachekesha watu vizuri. Ila akamtazama Sironka. Alikuwa ameishika simu yake shingoni kwa mikono miwili.

"Namelok yuko hospitali Korogwe," alisema taratibu. "Mke wangu. Mimba imemsumbua. Dada yake atapiga akijifungua."

Hasira ikamwisha Mwanaidi, asijue imeenda wapi. Akafungua simu yake mwenyewe, akachomoa betri. Akaingia ndani, akatoka na kichupa cha rangi ya kucha cha binti yake, Munira, nyekundu ya kuwaka.

"Sikio la kushoto, mikato miwili. Sivyo?"

Akachora mistari miwili, akaipuliza ikauke, akamkabidhi. "Chukua. Na kisu kaa nacho mbali na betri, baba, nakuomba."

Mmoja akaguna, "Tunapakwa kucha leo?" Wakaangua kicheko, lakini walijipanga. Kila mmoja alieleza sikio la ng'ombe wake: huyu tundu katikati, yule ncha imekatwa. Mwanaidi alichora mpaka kichupa kikakauka, na Munira alinuna hadi Ijumaa.

Mnada uliofuata Sironka alifika mapema kuliko wote. "Ni msichana," alisema. "Yeye na mama yake wazima. Nilisikia kilio chake humu humu kwenye simu." Akaiacha betri, akaenda kuuza dume lake.

Aliporudi, Mwanaidi alimpa betri huku anamtazama vidole. Alisubiri aigeuze atafute ile mistari miwili. Sironka hakuigeuza. Aliipachika kwenye simu, akafunga mfuniko, akasema, "Asante, yeyo," akaondoka zake. Mwanaidi alibaki amesimama pale, machozi yanamtoka mbele ya wateja, kisha akayafuta kwa upindo wa kanga, akapokea betri iliyofuata.