Jino Nililolichonga kwa Tupa

Kazi ya bastola mie niliipata kwa mdomo. Fundi mwenyewe alikuwa Singasinga wa Nairobi, mtu mzima, ana karakana ndogo Walthamstow, hapa London, nyuma ya duka la vifaa vya kuvulia samaki. Akaniuliza kama najua kutumia tupa. Nikamwambia, "Fundi, mie nilizaliwa nayo mkononi. Aliyepata tabu ni mama." Hakucheka, lakini aliniambia nije Jumatatu.

Tupa nilikuwa naijua kweli. Shule niliishia darasa la saba, Unguja, na ufundi nikasomea kwa mjomba wangu mtaani Ng'ambo, kwenye baiskeli. Miaka ile baada ya mapinduzi spea zilikuwa haziingii. Meno ya ndani ya gurudumu yakilika, pedali inazunguka bure, basi unafanyaje? Mjomba anayatoa, anayabana kwenye jiliwa, anayachonga taratibu mpaka yanashika tena. Watu walikuwa wakitoka Bububu kuja kumtafuta kwa hilo tu. Kwetu fundi anayebadilisha kifaa si fundi, ni mchukuzi. Fundi ni yule anayekirudisha kile kile.

Wateja wa Singasinga walikuwa wazee wa klabu ya shabaha, wenye vibali vyao, wanaopiga karatasi kila Jumamosi. Mzee alikuwa na sharti moja. Kila kifaa kibovu unachokitoa kwenye bastola kinakwenda kwenye kikopo chenye jina la mwenyewe, na mwenyewe lazima akione kwa macho yake kabla hajaondoka. Nilikuwa namtania kwamba maiti haizikwi mpaka jamaa waione. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha Nairobi kwamba mimi iko na mdomo refu.

Siku moja akaja kondakta wa basi aliyestaafu. Bastola yake ya zamani, aliinunua kwa mtu. Jumamosi iliyopita alivuta kidole mara moja zikatoka risasi mbili, na ya pili ikapiga dari. Pale klabu wanasimama mstari mmoja, bega kwa bega. Jirani yake alikuwa ameinama kufunga kamba ya kiatu.

Fundi hakuifungua papo hapo. Alimfanya kondakta asimulie mara tatu: alishikaje, alisikia nini, maganda yaliangukia wapi. Baadaye ndio tukaifungua. Springi kubwa ilikuwa imechoka, ukiilaza karibu na mpya ni fupi kwa upana wa kidole. Kikucha kinachong'oa ganda kimelika. Hivyo viwili tulikuwa navyo, tukavibadilisha. Kisha akanipa lenzi, akanionyesha kijino kidogo, kama ukucha wa paka, ambacho kazi yake ni kuishika nyundo isianguke mpaka kidole kivute. Ncha yake imekuwa duara, kama sabuni ya wiki ya pili.

"Hii kwisha kufa," akasema. "Ndio inaleta ile mbili."

Akaagiza kipya Ujerumani, akaniambia kikifika nikiweke, yeye anakwenda harusini Southall siku tatu. Kikafika. Nikakifungua, si chenyewe, cha bastola nyingine kabisa. Na kondakta anakuja Ijumaa saa nane.

Ningeweza kusema tusubiri. Lakini jino lenyewe lile mbele yangu, na tupa ile pale, na mie mpwa wa mjomba wangu. Nikalibana, nikalichonga mpaka likawa kali, nikalirudisha. Nikaijaribu bastola tupu: tap, nyundo imeshikwa. Nikajiona mwanamume. Kwenye kikopo nikatia springi, nikatia kikucha, halafu nikachokoa boksi la vyuma chakavu nikapata jino bovu la bastola nyingine. Nikalitumbukiza na lenyewe.

Ijumaa asubuhi fundi akarudi, mikono bado ina harufu ya marashi ya harusini. Akatazama kikopo, akaijaribu bastola mara moja, akaniwekea mkono begani.

"Sasa wewe fundi," akasema.

Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta jiliwa lililokuwa safi. 

Ndugu yangu, yule aliyenitangulia, alikufa mwaka ule wa mapinduzi, na hakuna aliyetaka kumuua. Kijana wa mtaani kwetu alipewa bunduki alinde kona. Alikuwa rafiki yake, wakicheza karata pamoja. Kijana akaruka kutoka barazani, bunduki ikalia. Ikampata ndugu yangu pajani, akakaa siku tatu. Kijana alikuwa anakuja mlangoni kwetu analia, anasema imejipiga yenyewe, wallahi imejipiga yenyewe. Mama hakumlaani hata siku moja. Alichokuwa akiuliza, mpaka leo hapa London akiosha vyombo anauliza, ni bunduki ile nani aliiangalia kabla ya kumpa mtoto.

Saa saba na nusu nikamfuata fundi kwenye meza yake. Nikamwambia jino lililomo ndani ni lile lile, nimelichonga, na la kwenye kikopo ni la uongo.

Hakunipigia kelele. Aliichukua bastola tupu, akavuta kifuniko cha juu nyuma, akakiachia kikajibamiza. Nyundo ikashikwa. Akarudia. Akarudia tena, hata sikuwa nahesabu, nikaanza kutumaini. Mara ikajibamiza na nyundo ikaanguka yenyewe, kidole chake kiko mbali kabisa.

"Chuma iko na ngozi," akasema. "Ngumu, lakini nyembamba. Wewe kwisha chuna. Ndani ni laini kama risasi ya kuvulia samaki."

"Mjomba alikuwa anachonga, fundi."

"Baiskeli ikiteleza, mtu nashuka natembea," akasema. "Hapa nani nashuka?"

Kondakta alipoingia, fundi alisukuma kikopo mbele yangu. Nikamweleza mwenyewe, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, yote, pamoja na jino la uongo. Yule mzee alivua kofia, akaiweka mapajani. Akaniuliza kama ningemwacha aondoke nayo. Nikamwambia ndiyo, mpaka asubuhi ile ningemwacha. Akavaa kofia akatoka, bastola akaiacha.

Jino lenyewe lilipofika kutoka Ujerumani fundi hakuligusa. Aliniachia mimi, akakaa na lenzi yake pembeni. Jumamosi tukaipeleka klabu. Kondakta akajaza risasi tano, halafu akanionyesha nafasi ya kushoto kwake, anaposimama jirani yake, akaniambia nisimame pale. Nikamtazama fundi. Fundi akaangalia karatasi kule mwisho.

Nikasimama. Kidole kimoja, risasi moja. Kidole kimoja, risasi moja. Ya tano ilipotoka kondakta akaishusha bastola, akaniuliza kama imetosha.

Nikamwambia haijatosha, ajaze tena.

Akajaza. Sikuhama.